Fortran, Cobol na Maharage ya Mama Nyandwi

Vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu mkienda chuoni mna sauti kubwa, na mimi masikio bado ninayo. Juzi wawili walisimama kwenye ukuta wangu wakibishana. Mmoja aliapa kwamba Python ndiyo lugha bora ya programu kuliko zote, mwenzake akasema Python ni ya wavivu, mtu mzima anaandika Java. Walibishana kama mashabiki wa mpira kwa muda wote niliochambua fungu zima la mboga za lenga lenga, na hakuna hata mmoja aliyetaja programu yenyewe inatakiwa kufanya nini. Nilitaka kutoka niwaulize, nikaona nitawaaibisha bure. Nimeamua kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa. Kasulu nililetwa na kazi, nikabakizwa na mume, naye ametangulia, nami nipo. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kompyuta, na niliianza wakati kompyuta zilizokuwa nchini ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kikabaki. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Mkiniona na miwani yangu na fimbo, mnanisalimia "shikamoo bibi" na kunieleza taratibu maana ya "data". Asanteni.

Nianze na kosa langu la kwanza, maana najua mnapenda makosa ya wakubwa.

Nilifundishwa Fortran kwanza. Ilikuwa lugha ya watu wa hesabu, fupi, ya haraka, haina maneno mengi. Ilikuwa na kanuni moja ya ajabu: ukiipa namba jina linaloanza na herufi yoyote kuanzia I mpaka N, yenyewe inachukulia kwamba hiyo ni namba nzima, isiyo na vipande. Waliobuni kanuni hiyo hawakuwa na habari na Kiswahili. Mimi, kwa uzalendo wangu, majina yote niliyaandika kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa kugawa mashamba ya majaribio, kila kaya nusu ekari, nikaandika NUSU ni sawa na sifuri nukta tano. Neno NUSU linaanza na N. Mashine ikakata kipande, ikabakiza sifuri. Karatasi zilitoka ndefu kama mkeka, na kila kaya imepewa ekari sifuri.

Mkuu wangu, Bwana Mhina, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata mfukoni, alizisoma zote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, umewanyang'anya watu mashamba kabla ya chai ya saa nne."

Msinicheke sana. Hiyo Java yenu, mpaka leo ukiiambia igawe moja kwa mbili, zote namba nzima, inakupa sifuri bila kukohoa. Mjukuu wangu alikesha na kosa hilohilo. Nilimwonyesha, akaniangalia kama nimefufuka.

Bwana Mhina yeye alikuwa mtu wa Cobol. Cobol ilikuwa na maneno. Ilikuwa kama mtu aliyekuja ofisi ya wilaya kuomba kibali: kwanza anajitambulisha, kisha anasema ametokea wapi, kisha anakuonyesha kila alichobeba, na ndipo anataja shida yake. Kurasa tatu hujafika kwenye kazi. Nukta moja ukiisahau, imekwisha habari yako. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na haraka nyingi, nikaiona Cobol ni lugha ya makarani. Nilimwambia hivyo Bwana Mhina usoni. Akasema, "Fortran inajua kuhesabu. Cobol inajua kutunza. Utakapopewa watu badala ya namba utanikumbuka."

Nikapewa watu.

Wakati huo walikuwa wamevuka wengi kutoka Burundi, wengine wakaingilia upande wa Kibondo na wengine upande wa Kasulu. Walivuka usiku, kwa njia tofauti, familia zikakatika katikati. Mama yuko huku, watoto wako kule, na kati yao ni barabara ya vumbi na orodha mbili za karatasi. Ofisi yetu iliombwa ilinganishe orodha hizo kwa kompyuta ili wa familia moja waonekane. Kulikuwa na haraka, kwa sababu malori yalikuwa yanakuja kuwapeleka kwenye makazi ya kudumu, wa Kasulu upande wao na wa Kibondo upande wao, mbali mbali kabisa. Atakayepanda bila ndugu yake, kuonana tena ni majaliwa.

Nililetwa Kasulu kuandika programu papo hapo, karibu na fomu za waliovuka. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Hebu lielewe hilo, wewe unayebonyeza kitufe na kupata jibu kabla hujavuta pumzi. Niliandika kwa penseli kwenye karatasi zenye safu themanini, herufi moja kila kijumba. Bahasha ikapanda basi mpaka Kigoma, ikapanda treni, ikafika kwa akina dada waliotoboa kila herufi kwenye kadi za mashine, ikaingia mashineni, na majibu yakarudi kwa njia ileile. Kama wiki tatu. Kosa moja, wiki tatu.

Ndiyo maana tulikuwa na adabu zetu. Sifuri tuliikata kwa mstari ili dada wa kadi asiione kuwa O. Bunda la kadi tulilichora mstari wa mshazari ubavuni, likidondoka unalipanga upya kwa kuufuata mstari. Na kubwa kuliko zote, aliyonifundisha Bwana Mhina: programu uiendeshe mezani kwanza. Unajifanya wewe ndiye mashine. Unachukua vikombe kuwa vyumba vya kumbukumbu, unachukua punje kuwa data, unasoma mstari mmoja mmoja na kufanya kilichoandikwa, siyo ulichokusudia. Mimi nilitumia maharage, maana Kasulu maharage hayakosekani.

Mara ya kwanza sikuyatumia. Nilijiamini.

Niliandika kwa Fortran. Fortran ya siku zile haikuwa na mahali pa kuweka jina la mtu. Jina ulilikatakata, ukaliingiza kwenye vyumba vya namba, herufi nne nne. Mimi, kwa kuharakisha, nikalinganisha chumba cha kwanza tu. Sasa fikiria majina ya Kirundi. Ndayizeye, Ndayishimiye, Ndayiragije: kwa programu yangu hao wote ni mtu mmoja. Majibu yalipokuja, kila Nday wa Kasulu alikuwa ndugu wa kila Nday wa Kibondo.

Hapo ndipo anapoingia Mama Nyandwi. Domitila Nyandwi alikuwa mmoja wa waliovuka, mwanamke wa makamo, mwembamba, asiye na haraka. Alikuwa akitupikia makarani mchana, nyuma ya ofisi, na akinifulia. Alikuwa amewapoteza pacha wake wa kike wa miaka saba, Bukuru na Butoyi. Usiku wa kuvuka, wifi yake Sabina aliwashika mikono, akapita nao njia nyingine. Mtu alimwambia kwamba amewaona upande wa Kibondo. Alikuwa hasemi sana habari hiyo, ila kila bahasha kutoka Dar ikifunguliwa alikuwa karibu, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Nikamtafutia kwenye orodha. Programu yangu ilikuwa imempa ndugu mmoja tu Kibondo: Nyandwi mwingine, mwanamume wa miaka sabini na mbili.

"Huyo ni mutama," alisema, maana yake mzee. "Mimi nimezaa wana, Dada, sikuzaa mutama."

Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka kwanza.

Nikamwandikia Bwana Mhina barua ya kujishusha. Akajibu mistari miwili: "Andika kwa Cobol. Sitasema neno." Ni kweli, hakulisema, ingawa kutolisema kwake kulisikika mpaka Kasulu. Cobol ilinipa kila kitu. Jina zima likakaa zima, herufi thelathini ukitaka. Safu ya umri, safu ya jinsi, safu ya jina la ukoo. Fomu na programu vilifanana kama vimeshonwa na fundi mmoja. Nikaona kwamba kweli nilikuwa nimechagua lugha isiyofaa, na kwamba kwa lugha hii kazi imekwisha. Nikalinganisha jina la ukoo kwa jina la ukoo, mtu mzima upande huu na mtoto upande ule, nikatuma.

Wiki tatu. Ikarudi karatasi safi, nzuri, vichwa vya habari vimekaa katikati. Chini yake karibu hakuna kitu. Familia zilizoonekana zilikuwa chache mno, na Mama Nyandwi hakuwamo. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba malori ya Kibondo yataanza kupakia Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi.

Nilikaa mezani nikatoa vikombe na maharage. Nilikuwa nimechelewa mwezi na nusu kufanya nililofundishwa siku ya kwanza. Nikaanza kusoma mstari kwa mstari: chukua mtu, soma jina la ukoo, tafuta kikombe chenye jina hilo, mtie humo. Mama Nyandwi alikuja kuondoa sahani, akasimama.

"Unafanya nini na maharage yangu?"

"Hizi punje ni watu, Mama. Wenye jina moja nawatia kikombe kimoja, ndiyo familia."

Alichukua punje moja, akaiweka mbele yangu. "Huyu ni mimi. Nyandwi." Akaweka nyingine mbili. "Bukuru. Butoyi. Sasa watie."

Nikasoma programu yangu. Nyandwi, kikombe cha kwanza. Bukuru, cha pili. Butoyi, cha tatu.

"Umetutawanya," alisema.

"Lakini jina la ukoo wao ni lipi? La baba yao?"

"Baba yao alikuwa Minani. Minani ni jina lake, si la wana. Kwetu kila mwana anapewa lake. Mimi ni Nyandwi kwa sababu ni wa saba. Hawa ni Bukuru na Butoyi kwa sababu ni pacha. Pacha wote duniani kwetu wanaitwa hivyo. Utapata Bukuru wengi mpaka uchoke."

Pembeni alikuwa ameketi Bwana Ruhaga, karani wa wilaya, Muha wa Kitanga, mtu wa maneno machache na yote makavu. Hakuinua kichwa. "Hata sisi Waha wa zamani ilikuwa hivyohivyo," alisema. "Nilidhani unajua. Mtu wa kompyuta."

Nikamuuliza Mama Nyandwi, "Basi ninyi mnajuaje huyu ni wa nani?"

Alinishangaa. "Si unamuuliza? *Uri mwene nde?* Wewe ni mwana wa nani? Na musozi wako upi? Kilima chako. Kila mtu ana kilima. Mimi na wanangu ni wa Gasenyi. Ukisema Gasenyi, na nyumba ya Minani, umetukamata wote."

Wanangu, niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka napata joto. Fortran, Cobol, herufi nne, herufi thelathini: mwezi na nusu nilikuwa nabishana na lugha, na zote mbili zilikuwa zimenijibu sawasawa swali la kijinga. Nilikuwa nimewaletea watu wa Burundi ukoo wa Mpwapwa.

Na kilima kiliandikwa! Bwana Ruhaga alikuwa akikiandika tangu siku ya kwanza, chini ya fomu, kwenye "Maelezo mengine". Kilima, na jina la baba wa nyumba. Mimi ndiye niliyemkaripia kwamba anapoteza wino, kwa kuwa safu hiyo haitobolewi kwenye kadi. Baya zaidi, nilikuwa nimeandika waraka, kwa mkono wangu, ukaenda vituo vyote viwili: safu ya maelezo iachwe wazi. Bwana Ruhaga aliusoma, akaukunja, akautia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Je, wenzake wa Kibondo?

Hapakuwa na wiki tatu. Nikamwambia Bwana Ruhaga tutakuwa kompyuta sisi wenyewe. Akaenda kuzungumza na watu wake, na Ijumaa tukapata nafasi kwenye gari la wilaya: mimi, yeye, Mama Nyandwi na masanduku mawili ya fomu za Kasulu. Kabla ya kuondoka nilikusanya maharage yangu kwenye kopo. Nilikuwa na mazoea ya kuyahesabu, na zilipungua punje mbili. Niliona Mama Nyandwi anafunga pindo la kitenge chake. Nikafunika kopo.

Kibondo tulifanya kazi kwenye sakafu ya stoo, Jumamosi yote na Jumapili yote. Ni kazi ileile ya mashine, nanyi mliosoma mnajua jina lake: kupanga. Kila kilima fungu lake. Ukimaliza, ndani ya kila fungu panga kwa jina la baba. Kisha weka fungu la Kasulu kando ya fungu la Kibondo na utazame. Familia zikaanza kutokea moja baada ya nyingine, na kila ilipotokea Bwana Ruhaga alisema "haya" na kuandika, tena bila kuinua kichwa. Nilitamani Bwana Mhina awepo aone.

Lakini fungu la Gasenyi la Kibondo lilikuwa jembamba, na pacha hawakuwamo. Tulilipitia mara tatu. Kisha nikaliona fungu lingine, kubwa, ukutani. Ni la fomu zilizoandikwa baada ya waraka wangu kufika. Makarani wa Kibondo walikuwa watiifu. Safu ya maelezo ilikuwa wazi, nyeupe kabisa, kama nilivyoamuru.

Nilitafuta ndani yake Bukuru. Walikuwa wengi, kama alivyosema. Pacha wa kike wa umri ule tu walikuwa jozi kadhaa, na hakuna kilima, hakuna baba. Nilimwambia Mama Nyandwi ukweli, kwamba ni mimi niliyekifuta kilima chake. Hakunikaripia. Aliuliza tu malori yatapakia saa ngapi.

Jumatatu asubuhi malori yalikuwa yamepanga mstari, watu na mikeka na masufuria juu. Mama Nyandwi alianza na la kwanza. Alisimama pembeni yake, mtu yule ambaye nilikuwa sijamsikia akipaza sauti, akaita: "*Ab'i Gasenyi! Ab'i Gasenyi bari hehe?*" Watu wa Gasenyi wako wapi? Watu wakaendelea kufunga mikeka yao. Akaenda la pili, akaita vilevile. La tatu. Mimi nilimfuata nyuma na orodha yangu mkononi, sina la kufanya nayo. Kwenye lori la nne injini ilikuwa imeshawashwa. Aliita, na kutoka juu, nyuma ya magunia, sauti ya mwanamke ikajibu kwa jina la kilima. Alikuwa Sabina. Bwana Ruhaga alikwenda kusimama mbele ya lori, mikono mifukoni, mpaka dereva akazima.

Waliteremshwa mmoja mmoja. Bukuru alikuja mbio. Butoyi alisimama kwanza, anamwangalia mama yake kama anayehakikisha, ndipo akaja. Nililia waziwazi, na Bwana Ruhaga akajifanya anakagua matairi.

Programu niliiandika mara ya tatu, kwa Cobol, kwa ajili ya wengine waliobaki, kilima kikiwa safu ya kwanza. Ilifanya kazi. Tangu hapo nimeandika kwa lugha nyingi. Basic, iliyokuwa ya kirafiki mpaka ikakuzoesha tabia mbaya. Pascal, kali kama mwalimu wa zamu. C, inayokuachia kisu na kukugeuzia mgongo. Hata hiyo Python nimeionja, na ni nzuri, inasomeka. Ile tabia yake ya kudai nafasi mwanzoni mwa mstari haikunishtua, sisi tulichapwa na safu ya saba ya Fortran kabla hamjazaliwa. Lugha zinatofautiana, msinielewe vibaya. Herufi nne si sawa na herufi thelathini, na kazi ya majina kuipa lugha ya hesabu ni kumtuma fundi seremala akachimbe kisima. Chagueni vizuri. Lakini ninyi wawili mliobishana kwenye ukuta wangu, siku mtakapokaribia kupigana tena, ingieni ndani. Nina vikombe.

Siku ile, kabla ya kupanda gari la kurudi Kasulu na wanawe, Mama Nyandwi alifungua pindo la kitenge. Akatoa zile punje mbili za maharage, zimelainika kwa jasho, akaniwekea kiganjani na kukifunga kwa mkono wake.

"Zirudishe kwenye kazi yako, Dada," alisema. "Mimi wangu nimewapata."